Ada Ni Nusu ya Bei: Kuchagua Shule ya Msingi Dar es Salaam

Ukimwambia mtu wa Dar es Salaam kwamba unamtafutia mtoto shule, atakuuliza ada kiasi gani. Swali hilo limezoeleka, na ndilo linalowapoteza wazazi wengi. Kila mwisho wa mwaka wazazi huzunguka shule hadi shule, Tabata, Goba, Mbagala, Kibada, wakiandika ada kwenye simu, kisha wanachagua kwa kulinganisha tarakimu hizo. Ikifika Machi wanalipa karibu mara mbili ya walichoandika, na mtoto anasinzia darasani. Nimeongea na wazazi wa pande nyingi za jiji hili, nami mwenyewe ni mzazi, na kuna msimamo nitakaoutetea hapa: kwa mtoto wa madarasa ya chini, umbali wa shule kutoka nyumbani uangaliwe kabla ya ada, kabla ya lugha ya kufundishia na kabla ya jina la shule.

Jiji limetanuka haraka kuliko shule zake. Sensa ya 2022 ilihesabu zaidi ya watu milioni 5.3 mkoani, na wengi walio katika umri wa kulea wamehamia kwenye viwanja walivyonunua kidogo kidogo: Madale, Goba, Kinyerezi, Kivule, Chanika, Chamazi, Toangoma, Kibada, Kibamba. Wengine wamevuka mpaka wa mkoa kabisa na kuhamia Kibaha. Kazi zao zimebaki Posta, Kariakoo, Masaki na kandokando ya Barabara ya Nyerere. Kwa hiyo mzazi anajikuta na njia nne mbele yake. Amwandikishe mtoto shule ya serikali ya mtaani kwake, amlipie ingilishi midiamu iliyo jirani, amchukue mpaka mjini asubuhi pamoja naye, au ampeleke bweni. Hiyo ya mwisho imefungwa kwa wadogo: tangu Machi 2023 Serikali imezuia watoto wa awali mpaka darasa la nne kulala bweni, na mimi naona uamuzi huo ulikuwa sahihi. Mtoto wa miaka 7 anahitaji kulala kwao. Tubaki na tatu.

Tuanze na ya serikali, kwa sababu ndiko waliko watoto wengi. Elimu bila malipo ilianza Januari 2016. Shule ya msingi haidai ada, na sekondari ziliondoa ile ya shilingi 20,000 kwa kutwa na 70,000 kwa bweni. Mwaka 2022 mpango huo ulifikishwa hadi kidato cha tano na cha sita. Ni jambo kubwa lililowaingiza darasani watoto ambao wangebaki nyumbani. Lakini ruzuku inayotengwa kwa mwanafunzi wa shule ya msingi ni shilingi 10,000 kwa mwaka. Gawanya kwa miezi 12 uone kama inafika hata 1,000. Fedha hiyo haiwezi kulipia uji, mlinzi, maji, umeme na karatasi za mitihani ya kila mwezi, ndipo kikao cha wazazi kinapoitwa na michango inapokubaliwa.

Hesabu yake ni rahisi kuifanya. Mwaka wa masomo una siku 194. Bei nitakazotumia ni za kukadiria, za aina ambayo mzazi wa Kimara au Kivule ataitambua. Weka zako mahali pake. Chakula na uji 1,000 kwa siku, inakuwa 194,000. Masomo ya ziada, yale ya kubaki jioni au kuwahi alfajiri, 500 kwa siku, inakuwa 97,000. Kama mtoto anapanda daladala kwenda na kurudi kwa nauli ya mwanafunzi ya shilingi 200, hapo ni 77,600. Ongeza 120,000 za sare, viatu, begi na madaftari. Jumla 488,600. Kwa mama lishe mwenye watoto watatu, hiyo ni karibu milioni moja na nusu kwa mwaka, na hakuna mahali popote ilipoandikwa kwa ukamilifu. Inatoka mia tano mia tano kila asubuhi, na siku isipokuwepo mtoto anaona aibu kwenda.

Tatizo la shule za serikali za pembezoni ni wingi wa watoto. Kiwango cha Serikali ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45. Shule ya Msingi Majimatitu, kule Mbagala, imetajwa kwa miaka mingi kama mfano wa msongamano, na si peke yake. Ziko shule ambazo darasa moja lina watoto zaidi ya 100 na nusu ya shule inasoma asubuhi, nusu mchana. Fedha za Serikali za kukabili athari za Uviko-19, zilizotangazwa Oktoba 2021, zilijenga madarasa 15,000 nchi nzima, mengi yakiwa ya sekondari, na shule mpya za msingi zimeendelea kujengwa. Matokeo yake ni kwamba shule mbili za serikali katika kata moja zinaweza kutofautiana sana. Ile kongwe iliyo kando ya barabara kuu imefurika, na ile mpya iliyo mtaa wa pili ina watoto 50 darasani na madawati yanayong'aa, kwa sababu wazazi hawajaizoea. Mama mmoja wa Chanika aliniambia alimhamisha mwanawe kutoka ya kwanza kwenda ya pili, akalipa sare mpya tu. Kabla hujaamua kwamba serikali haifai, zungukia shule zote za kata yako kwa miguu.

Jambo jingine lisilosemwa vya kutosha ni walimu. Mwalimu wa serikali amesomea kazi yake, ameajiriwa kwa kudumu, na hana sababu ya kuondoka katikati ya muhula. Katika shule nyingi ndogo za binafsi walimu hubadilika kama abiria wa daladala: mshahara ukichelewa miezi miwili, mwalimu wa Hisabati anahama, na darasa la tano linakaa wiki kadhaa na mtu wa kushikilia nafasi. Shule ya binafsi yenye walimu waliokaa miaka mitano ni mali. Uliza swali hilo bila haya: kati ya walimu waliokuwapo mwaka jana, wangapi bado wapo?

Sasa, kwa nini wazazi wenye kipato cha kawaida wanajinyima ili kulipia ingilishi midiamu? Sababu inajulikana na ni ya haki. Shule ya msingi ya serikali inafundisha kwa Kiswahili, na sekondari yote inafundisha kwa Kiingereza. Mtoto anamaliza msingi akiwa anajua mmeng'enyo wa chakula vizuri, Januari inayofuata anaulizwa habari hizohizo kwa lugha ambayo hawezi kuitungia sentensi tatu. Wengi wananyamaza darasani mwaka mzima, na wengine hawaamki tena. Mzazi aliyeyapitia hayo mwenyewe hataki mwanawe ayapitie. Ada ya ingilishi midiamu ni bei ya kuliruka pengo hilo la lugha, na sitamlaumu mtu anayeilipa.

Ninachomsihi ni ahakikishe anauziwa kile anachokilipia. Shule nyingi za pembezoni zina Kiingereza kwenye kibao cha getini na kwenye wimbo wa asubuhi. Darasani hali ni nyingine. Njia ya kujua ni kuomba madaftari ya watoto wa darasa la tatu, matano au sita, ya watoto tofauti, siku ambayo hawakukutegemea. Yafungue kwenye ukurasa mmoja. Kama madaftari yote sita yana sentensi zilezile, neno kwa neno, na kosa lilelile la herufi mahali palepale, watoto wananakili ubaoni. Kama kila daftari lina sentensi zake, nyingine mbovu, zenye alama nyekundu ya mwalimu na sahihisho lililoandikwa upya chini yake, hapo mtoto anafundishwa kuandika. Tazama pia tarehe: kazi ya mwisho kusahihishwa ilikuwa lini? Mwalimu mkuu akikataa kuonyesha madaftari lakini akakupeleka kuona chumba cha kompyuta, shukuru na uondoke.

Tuje kwenye bei yake. Karatasi ya ada ya shule ya wastani huko Goba, Kinyerezi au Mbezi huanza na mstari mmoja mnene: ada, kwa mfano, 1,400,000, inalipwa kwa awamu nne. Mzazi anaishia hapo kwa sababu ndipo macho yanapovutwa. Chini yake, kwa herufi ndogo, au kwenye karatasi ya pili utakayopewa baada ya kulipia fomu, kuna mengine. Basi la shule 600,000. Chakula 400,000. Sare seti mbili, sweta, nguo za michezo na fulana ya Ijumaa, vyote vinauzwa shuleni peke yake, 180,000. Vitabu 150,000. Rimu za karatasi, mitihani ya majaribio, ziara ya mafunzo na mchango wa mahafali hata kama mtoto wako hahitimu, 120,000. Jumlisha: 2,850,000. Ile ada iliyokuleta ni nusu kasoro ya bei. Na hapo hujafika darasa la nne na la mwisho, ambako huongezeka kambi ya masomo.

Tofauti kati ya njia hii na ile ya serikali niliyoihesabu juu ni 2,361,400 kwa mwaka. Kwa sera mpya ya elimu shule ya msingi inakuwa ya miaka 6, kwa hiyo ni zaidi ya milioni 14 kwa mtoto mmoja, kabla ada haijapanda, nayo hupanda. Kwa familia yenye watoto wawili ni milioni 28. Nimeona wazazi wakianza na mtoto wa kwanza kwa nguvu zote, wakamfikisha darasa la nne, biashara ikayumba, wakamrudisha shule ya serikali akiwa hajui kusoma Kiswahili vizuri wala Kiingereza chake hakijakomaa. Huyo ndiye anayeumia kuliko wote. Ukianza ingilishi midiamu, uwe na uhakika wa miaka yote, kwa watoto wote. Usipokuwa na uhakika huo, ni heri ukae serikalini, uweke pembeni hata robo ya tofauti hiyo, ununue vitabu vya hadithi vya Kiingereza, umtafutie mwalimu mzuri wa somo hilo kwa saa mbili kila Jumamosi, na ubaki na akiba ya sekondari. Mtoto anayesoma Kiswahili kwa ufasaha na ana mwalimu mmoja mzuri wa Kiingereza hayuko mahali pabaya.

Ipo pia njia ya katikati ambayo wengi hawaijui: shule za serikali zinazofundisha kwa Kiingereza. Olympio na Diamond, zote za Upanga, ndizo zinazofahamika zaidi. Hutoza ada, lakini ni ndogo ukilinganisha na za binafsi, na walimu wake ni wa serikali. Waombaji ni wengi kuliko nafasi. Kwa mzazi anayeishi Upanga, Kariakoo, Ilala au Magomeni, naona hakuna chaguo linaloshinda hilo kwa bei. Kwa mzazi wa Chanika au Bunju, hapo ndipo tunaporudi kwenye umbali.

Simama Mbezi Mwisho saa kumi na moja na nusu alfajiri siku ya shule. Giza bado. Watoto wamevaa sweta, mabegi yamewazidi mabega, mmoja anamalizia kula andazi huku amefumba macho. Mama anawasha tochi ya simu ili dereva amwone. Coaster ya njano inasimama, inapiga honi moja, matroni anamshika mtoto mkono anampandisha, na kabla gari halijafika Kimara mtoto ameshalala, kichwa kikigonga dirisha. Atafika shule karibu saa moja na nusu. Jioni gari linarudi kwa kuzunguka, na kwenye njia nyingi aliyepanda wa kwanza ndiye anayeshuka wa mwisho. Saa mbili kwenda na saa mbili kurudi, kwa siku 194, ni saa 776. Hizo ni zaidi ya siku 32, usiku na mchana, mtoto amekaa kwenye kiti cha basi. Akifika nyumbani saa kumi na mbili ana kazi ya shule, anaoga, anakula anasinzia, na saa kumi usiku anaamshwa tena. Hakuna ubora wa shule unaoweza kufidia usingizi huo kwa mtoto wa miaka 7.

Basi la shule angalau lina kiti chake. Anayetegemea daladala ana shida nyingine. Tangu Desemba 2023 nauli ya mtu mzima kwa safari fupi ni shilingi 600, na ya mwanafunzi ni 200. Konda anayetafuta hesabu ya bosi anaona kiti kimoja kinaweza kumwingizia mara tatu, ndiyo maana unaona watoto wamejazana kituoni Gongo la Mboto huku magari yanawapita. Upande wa Kigamboni kuna pantoni au daraja la Kurasini lililofunguliwa 2016, na kote kuna foleni. Wazazi wengine wanakodi bodaboda kwa mwezi, na kila mtu amewaona watoto watatu wameketi nyuma ya dereva mmoja, bila kofia ngumu hata moja. Naomba sana, kama shule uliyochagua inafikika kwa namna hiyo tu, chagua nyingine. Na kama ni basi, uliza vitu vinne kabla ya kulipa: gari linabeba watoto wangapi kwa viti vingapi, matroni yupo asubuhi na jioni, mtoto wako atakuwa wa ngapi kupanda na wa ngapi kushuka, na gari likiharibika njiani nani anakupigia simu.

Baada ya umbali, angalia matokeo, lakini yasome kwa makini. Mpaka mwaka 2022 wazazi walikuwa wakisubiri orodha ya shule kumi bora. Januari 2023 Baraza la Mitihani likaacha kuitangaza, na kwa maoni yangu lilifanya vizuri, maana orodha ile ilikuwa tangazo la biashara la bure. Matokeo ya kila shule bado yapo kwenye tovuti ya Baraza, mwaka kwa mwaka. Fanya hivi: tafuta idadi ya watoto wa shule hiyo waliofanya mtihani wa darasa la nne, kisha tafuta waliofanya wa darasa la saba miaka mitatu baadaye. Kama walikuwa 60 wakawa 38, uliza wale 22 wamekwenda wapi. Baadhi wamehama na wazazi wao, hilo ni la kawaida. Lakini zipo shule zinazowaondoa au kuwakaririsha wasiofikia wastani wake ili zibaki na ufaulu wa asilimia 100, jambo ambalo Serikali imeshalikataza. Shule inayosifiwa kwa kuwapunguza watoto haijakuonyesha kwamba inajua kufundisha. Ile iliyopokea 60 na kuwafikisha 58, hata kama wachache wamepata C, inastahili heshima yako kuliko ile ya A tupu.

Kuna ukaguzi mdogo ambao haukugharimu kitu. Omba namba ya usajili. Ya shule ya msingi iliyosajiliwa huanza na herufi EM. Kama hawana, au wanasema ipo njiani, usiwape hata fedha ya fomu, kwa kuwa mtoto wako atakuja kufanya mtihani wa taifa kwa jina la shule nyingine. Ofisi ya uthibiti ubora wa shule katika manispaa yako inaijua kila shule iliyo halali. Ingia vyooni, hesabu matundu, angalia kama kuna maji na sabuni. Ukiwa na binti, hili ni muhimu kuliko uwanja wa michezo. Ongea na mlinzi na mpishi, wao wapo tangu alfajiri na wanajua watoto wanakula nini.

Wapo wenye fedha zao ambao hesabu hizi haziwahusu sana. Shule za kimataifa za jijini, kama International School of Tanganyika iliyoanzishwa mwaka 1963, kwa miaka mingi zilitoza ada kwa dola, nazo hufuata mitaala ya nje. Kwa mtoto atakayeendelea na masomo nje ya nchi zina maana yake. Kwa mwingine yeyote, swali la kujiuliza ni atarudije kwenye mfumo wa hapa endapo kazi ya baba au mama itakwisha.

Basi nikiulizwa na mdogo wangu anayejenga Kivule au Goba, namwambia hivi. Awali mpaka darasa la nne, chukua shule iliyo ndani ya mwendo wa miguu au nusu saa ya gari, ya serikali au ya binafsi, ile ambayo madaftari yake yamesahihishwa. Ukitoa basi kwenye mfano wangu wa juu, unabaki na 600,000 kila mwaka na mtoto aliyelala vya kutosha. Kuanzia darasa la tano, akiwa amepevuka kidogo na wewe umeshajua anavyojifunza, unaweza kutafuta shule ya mbali zaidi kama ipo inayostahili. Na kama kazi yako iko mjini na umepanga, fikiria kuhamia jirani na shule kabla ya kumhamishia mtoto barabarani. Tofauti ya kodi huenda ikawa ndogo kuliko nauli na mafuta.

Wenye shule nao nina ombi kwao. Andikeni gharama zote za mwaka kwenye ukurasa mmoja, ada, basi, chakula, sare, rimu, kambi na mahafali, na jumla yake chini, mmpe mzazi ukurasa huo kabla hajalipia fomu. Shule ya uaminifu haitapoteza mtoto hata mmoja kwa kufanya hivyo. Halmashauri nazo zibandike ofisi za kata idadi ya watoto kwa kila darasa katika kila shule ya serikali, ili wazazi waijue ile mpya yenye nafasi. Uandikishaji wa darasa la kwanza katika shule za serikali huanza Oktoba, bila malipo yoyote. Beba cheti cha kuzaliwa, na uende mapema.